Kanuni za hewa zisomwe zilivyoandikwa

Ukaguzi wa mfumo wa hewa katika FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari, hauchukui muda mrefu. Matangi ya roboti huanza yakiwa matupu, geji zote mbili zikisoma sifuri. Wanafunzi huwasha roboti, kompresa huanza kunguruma, na mkaguzi huinama kutazama mshale wa geji ya kwanza ukipanda. Ukikaribia psi 120 (pauni kwa kila inchi ya mraba), kompresa inapaswa kujizima yenyewe bila mtu kuigusa. Geji ya pili, iliyo upande wa pili wa rejuleta inayopunguza presha, haitakiwi kuzidi psi 60. Kisha mwanafunzi hufungua kwa mkono vali ya kutolea hewa, na geji zote mbili hurudi sifuri. Kama moja imebaki juu, roboti haiingii uwanjani.

Sehemu hiyo haina ubishi. Ubishi huanza pale mkaguzi anaponyoosha kidole kwenye kitu ambacho geji haiwezi kukipima: silinda iliyotobolewa tundu dogo ili ikae vizuri, tangi lisilo na maandishi ya kiwanda, kompresa iliyoachwa chini ya meza. Mwanafunzi husema kanuni haikukusudia kukataza jambo dogo kama hilo. Mkaguzi husema inakataza. Mwalimu hukumbuka kwamba mwaka fulani waliruhusiwa. Kila mmoja ana tafsiri yake, na mechi ya kwanza inakaribia.

Makala haya yana msimamo mmoja: kanuni za hewa iliyoshindiliwa zisomwe neno kwa neno, na asiwepo mtu, awe mwalimu, mkaguzi au mwanafunzi, wa kuzipunguza au kuziongeza kwa kudhani anajua mwandishi wake alikuwa na nia gani. Huenda msimamo huo ukaonekana mkali kwa mashindano ya watoto wa sekondari. Lakini hakuna usomaji mwingine unaomlinda mwanafunzi wa timu changa kama huu.

Mashindano yenyewe si mageni. Dean Kamen, mvumbuzi wa Marekani, alianzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989, na mwaka 1992 timu 28 zikakutana katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya Manchester, New Hampshire. Leo timu ni maelfu, na fainali za dunia hufanyika Houston, Texas. Kwa misimu kadhaa roboti iliruhusiwa kufikia uzito wa pauni 125, yaani kilo 57 hivi, bila kuhesabu betri na bampa. Mechi huchukua dakika mbili na nusu hivi. Kila Januari mchezo mpya hutangazwa na kitabu kipya cha kanuni hutolewa, na ndani yake kuna sura inayohusu hewa peke yake.

Kwa nini hewa ipewe sura nzima? Mota ya umeme ikikatiwa umeme, hutulia. Tangi la hewa halitulii. Lita moja ya hewa iliyoshindiliwa hadi psi 120, ikiachiwa itanuke yote, inaweza kutoa nishati inayokaribia juli 1,200, ambayo inatosha kumwinua mtu wa kilo 60 kwa mita mbili. Nishati hiyo inabaki mle ndani hata betri ikiwa imechomolewa na wanafunzi wakiwa wameshaanza kuingiza mikono katikati ya vyuma. Fundi wa matairi yeyote wa Ubungo au Gikomba anaelewa jambo hili bila kufundishwa hesabu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 na kitu. La lori kubwa hukaribia 100 au 120, na ndiyo maana fundi mzoefu hasimami mbele ya rimu ya lori wakati wa kujaza. Wanafunzi wa miaka 15 wanabeba kiwango hicho cha lori kwenye roboti inayogongana na nyingine tano uwanjani.

Silinda ndiyo inayogeuza hewa hiyo kuwa nguvu. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha inchi mbili, ikilishwa hewa ya psi 60, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 85. Ukiilisha psi 120 moja kwa moja, nguvu hiyo inakuwa maradufu, kilo 170. Kidole kilichokaa kati ya fimbo ya silinda na fremu hakina namna ya kupona hapo. Kwa hiyo rejuleta iliyo kati ya matangi na silinda inagawa mfumo wote sehemu mbili: upande wa akiba, ambako presha haizidi 120, na upande wa kazi, ambako haizidi 60. Karibu kila kanuni nyingine katika sura hiyo inatokana na mgawanyo huu. Kinachokaa upande wa akiba kiwe kimetengenezwa na kiwanda kwa kustahimili angalau psi 125. Kilicho upande wa kazi kistahimili angalau 70. Vali ya usalama iwekwe ifungue ifikapo psi 125, na iungwe kwenye kompresa yenyewe au kwa fitingi ngumu zilizoungana nayo, pasipo kupitishiwa mrija. Swichi ya presha ipime upande wa akiba. Vali ya kutolea hewa iwe mahali panapoonekana na kufikika kwa urahisi, nayo iweze kumaliza hewa yote.

Hadi hapo mambo ni ya hesabu. Shida ni ya usomaji, na historia yake inafundisha.

Katika miaka ya 2000, vitabu vya kanuni vya FIRST viliwaomba wasomaji watumie busara ya kihandisi na waache tabia ya kiwakili ya kuchambua kila neno ili kutafuta mwanya. Waliambiwa wajitahidi kuelewa sababu ya kila kanuni. Lilikuwa ombi la heshima, linaloendana na maadili aliyoyahubiri Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyekuwa mlezi wa mashindano hayo hadi kifo chake mwaka 2019: kwamba mtu anaweza kushindana kwa nguvu zote na bado akamtendea mpinzani kwa utu.

Vitabu vya miaka ya karibuni vinasema karibu kinyume chake. Vinaeleza kwamba maandishi yana maana ileile yaliyonayo na hayana nyingine. Msomaji anaonywa asitafsiri kwa kubahatisha nia ya mwandishi, wala kwa kukumbuka kanuni za miaka iliyopita, wala kwa kufikiria jinsi mambo yalivyo katika maisha ya kawaida. Hakuna sharti lililofichwa, wala zuio lililofichwa. Maelezo ya ziada huwekwa katika visanduku vya buluu, lakini kisanduku kikipingana na kanuni, kanuni ndiyo inayoshinda.

Mabadiliko hayo ni makubwa, na ni ya haki. Busara ya kihandisi si mali ya wote. Timu inayolelewa na wahandisi wa kiwanda cha ndege ina busara hiyo tele. Wakiambiwa tumieni akili, wanajua akili gani inatakiwa. Timu ya mwaka wa kwanza, inayoongozwa na mwalimu wa fizikia aliyejitolea baada ya vipindi, inaambiwa neno lilelile na kubaki gizani. Kanuni inayotegemea busara humpendelea aliyewahi kukaa na wenye busara. Iliyoandikwa kikamilifu iko sawa mbele ya wote wawili, kwa kuwa wote wanaweza kuisoma.

Faida yake inaonekana vizuri kwenye vitu vilivyo mpakani. Chukua shokapu ya gesi, ile mikono miwili inayoinua buti ya gari na kuishikilia juu. Ndani yake mna gesi yenye presha kubwa kuliko chochote kilichomo katika matangi ya roboti. Mtu wa busara angesema: kama psi 120 ndiyo mwisho, basi shokapu hii imekatazwa. Kanuni zinasema vingine. Shokapu za gesi zilizofungwa kiwandani hazihesabiki kuwa sehemu ya mfumo wa hewa. Magurudumu ya kujaza upepo nayo hayahesabiki. Vifaa vya kuvuta ombwe pia havihesabiki, na ndiyo maana mwaka 2019, katika mchezo ulioitwa Destination: Deep Space, roboti kadhaa zilibeba sahani bapa za plastiki kwa vikombe vya kunyonya bila kulazimika kuwa na swichi ya presha wala vali ya usalama. Timu iliyosoma iligundua uwanja mpana wa kubuni. Iliyokisia ilijinyima kitu ambacho hakuna aliyeikataza.

Sasa mwanafunzi mjanja anakuja na swali: je, nikiziba matundu mawili ya silinda ya kawaida ili hewa iliyonaswa ndani ifanye kazi ya springi, si nimetengeneza shokapu? Kwa macho inafanana nayo. Kwa maandishi haifanani. Msamaha ni wa shokapu zinazouzwa zikiwa shokapu, na ule mwingine unahusu vifaa vya hewa vinavyotumika pasipo kuwa na hewa yenye presha ndani yake, kwa mfano silinda tupu iliyogeuzwa reli ya kuteleza. Silinda iliyozibwa haiingii katika msamaha wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo inarudi chini ya kanuni za mfumo, na kanuni za mfumo zinataka hewa yote itoke kwenye kompresa moja ya roboti, ionekane kwenye geji na itoke kupitia vali. Jibu limepatikana bila kumuuliza mtu anahisi nini.

Mwanafunzi huyohuyo akihamia FIRST Tech Challenge, mashindano dada yanayotumia roboti ndogo zinazoanza mechi zikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, atakuta dunia nyingine. Huko kwa miaka mingi kanuni zimekataza matangi ya gesi, kompresa, springi za gesi, hata vifaa vya ombwe. Taasisi ni moja na maadili ni yaleyale, ila kikombe cha kunyonya kilichokuwa halali Jumamosi katika uwanja mmoja ni haramu katika mwingine. Huko VEX, mashindano mengine ya roboti za wanafunzi, presha inaishia psi 100, na timu hujaza hewa kwa pampu kabla ya mechi badala ya kubeba kompresa. ABU Robocon, mashindano ya vyuo vikuu vya Asia na Pasifiki yaliyoanza Tokyo mwaka 2002, huweka mwisho wa kilopaskali 600, sawa na psi 87, na kanuni zake zimewahi kuruhusu chupa za plastiki ziwe matangi, mradi ziwe nzima na zimeandaliwa ipasavyo. Peleka chupa hiyo ya soda kwenye ukaguzi wa FIRST Robotics Competition, ambako kila kifaa cha hewa lazima kiwe kimenunuliwa kikiwa kamili na kina kiwango cha presha kutoka kiwandani, na itawekwa kando kabla mtu hajauliza imejazwa kiasi gani. Wahandisi wa pande zote mbili ni watu makini. Wameandika tofauti tu, na mwanafunzi anapaswa kutii maandishi ya uwanja alioingia.

Kanuni ya kutorekebisha vifaa ndiyo inayoumiza wengi, kwa sababu inagusa mikono ya fundi. Mrija unaweza kukatwa. Nyaya za vali zinaweza kubadilishwa ili ziungane na roboti. Vifaa vinaweza kuunganishwa kwa nyuzi za skrubu na mabano yaliyokuja navyo. Pini ya kufungia silinda inaweza kutolewa, mradi silinda yenyewe haijaguswa. Lebo inaruhusiwa. Basi. Kupaka rangi, kupiga tupa, kutoboa, kukwangua: chochote kati ya hivyo kinakifanya kifaa kiwe haramu, na kisanduku cha buluu kinafika mahali pa kuwaambia wasomaji wavichukulie vifaa vya hewa kama vitu vitakatifu.

Mwanafunzi aliyelelewa kwenye karakana huiona kanuni hiyo kuwa ya ajabu. Rangi inapunguza nini? Kumpa jibu ni wajibu wa mwalimu, na jibu lipo. Mkaguzi ana dakika chache tu kwa kila roboti. Hawezi kujua kama kilichokwanguliwa ni rangi ya juu au unene wa ukuta wa silinda. Hawezi kujua kama rangi mpya imepakwa kwa urembo au kuficha ufa. Kiwango cha presha kilichoandikwa na kiwanda kinahusu kifaa kilivyotoka kiwandani, na mtu akishakigusa, hakuna tena anayekidhamini. Kanuni imekataza yote ili mkaguzi asilazimike kupima nia ya mtoto wa watu. Hata LEGO, katika mashindano ya watoto wadogo zaidi wa FIRST, hufuata mkondo huohuo: uzi na mirija vinaweza kukatwa, matofali hayachongwi.

Orodha ya matangi nayo ina funzo lake. Kwa misimu kadhaa kanuni ziliruhusu matangi ya hewa, kisha zikatoa moja tu kwa jina, rangi na namba: tangi jeupe la Clippard lenye namba AVT-PP-41. Tangi la kampuni hiyohiyo la rangi nyingine halikuguswa. Aliyesoma kwa haraka na kuona kwamba matangi yanaruhusiwa alisafiri mamia ya kilomita na tangi lisilofaa. Hakuna busara duniani ambayo ingemfikisha kwenye namba hiyo, ilibidi isomwe.

Kuna pia kanuni zisizoeleza sababu zake, na hapo lawama iende kwa waandishi. Njia za kutolea hewa za vali mbili za umeme haziruhusiwi kuunganishwa pamoja. Kijana anayetaka silinda yake iruke kwa kasi anaona wazi kwamba vali moja ya tundu la inchi moja ya nane inabana mtiririko, na kwamba vali mbili zikimwaga kwenye mrija mmoja zingemaliza tatizo. Kanuni inamwambia hapana, kwa sentensi moja. Mwalimu anaweza kumweleza kwamba vali mbili zisipofunguka kwa pamoja, moja hujikuta ikimwaga nje hewa inayoletwa na nyingine, na kwamba ukubwa wa tundu ungekuwa hauna maana kama kila timu ingeweza kuunganisha vali tatu au nne. Huenda ndizo sababu, huenda zipo nyingine. Kitabu kinachowataka watu wasikisie nia kina deni la kuieleza nia hiyo pale panapowezekana. Visanduku vya buluu viongezwe, visipunguzwe.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, hutoka kwa watu wazima wenye kumbukumbu nzuri. Kwa miaka mingi timu ziliruhusiwa kuiacha kompresa kwenye banda, kujaza matangi kabla ya mechi, kisha kuingia uwanjani na hewa ya kutosha bila kubeba uzito wa kompresa. Ulikuwa mkakati halali na timu nzuri ziliutumia. Baadaye kanuni ikabadilika: hewa yote itoke kwenye kompresa moja iliyofungwa juu ya roboti, ambayo uwezo wake hauzidi futi za ujazo 1.1 kwa dakika, yaani lita 31 hivi. Mlezi aliyeshinda medali kwa mkakati wa zamani humfundisha mwanafunzi wake kwa moyo wote, na mwanafunzi hufika ukaguzini na roboti ambayo haina hata mahali pa kuifunga kompresa. Hakuna aliyedanganya hapo. Mtu mzima alikumbuka badala ya kusoma. Kanuni nyingi za hewa zina alama ya nyota, ikimaanisha zinatarajiwa kubaki vilevile mwaka hadi mwaka, na pengine nyota hiyo ndiyo inayowalaza wazee. Kutarajiwa kubaki si kubaki.

Wapo wanaopinga msimamo huu, na hoja yao ina uzito. Wanasema ukimfundisha kijana kusoma neno kwa neno, unamlea awe mtafuta mianya. Leo anakwepa kanuni ya vali, kesho anakwepa kanuni ya ujenzi wa ghorofa. Mhandisi wa kweli, wanasema, huuliza kitu hiki kitamuumiza nani, na hasubiri kifungu kimwambie.

Ni kweli mhandisi lazima aulize hivyo. Ila swali hilo linaongeza masharti juu ya maandishi. Haliondoi hata moja. Timu iliyofuata kila kifungu na bado ikaona mrija wake unasuguliwa na mnyororo inapaswa kuuhamisha mrija, ingawa hakuna kanuni iliyovunjwa. Hakuna atakayeizuia. Kinachokatazwa ni mwendo wa upande mwingine, pale timu inaposema kwa kuwa sisi tunajua tunachokifanya, kifungu hiki hakituhusu. Mkaguzi naye amefungwa vilevile. Akiona kitu hakimpendezi na hana kanuni ya kukikataza, anaweza kushauri, anaweza kuonya, lakini hawezi kuizuia roboti kwa hisia zake. Mkaguzi anayesema hapana bila kutaja namba ya kanuni anamfundisha mtoto kwamba sheria ni mtu aliyevaa kofia, na somo hilo tayari linapatikana kwa wingi mitaani.

Wakaguzi hao, isisahaulike, ni watu wa kujitolea. Wanastahili heshima na shukrani. Namna bora ya kuwaheshimu ni kuwapunguzia mzigo wa kuamua mambo yaliyopaswa kuamuliwa miezi miwili kabla. Na nafasi ya kufanya hivyo ipo. Baada ya mchezo kutangazwa, FIRST hufungua mlango wa maswali rasmi, ambako timu huuliza kwa maandishi na jibu huonekana na kila timu nyingine duniani. Marekebisho ya kanuni hutolewa kwa tarehe zinazojulikana, kwa kawaida Jumanne na Ijumaa katika wiki za ujenzi. Kinachotakiwa ni kuuliza vizuri. Swali la kwamba roboti yetu inaruhusiwa au la halitajibiwa, kwa sababu wanaojibu maswali hawapitishi miundo ya mtu. Swali linalotaja kanuni kwa namba, likanukuu maneno yanayotatiza na kuuliza kama maneno hayo yanahusu kifaa cha aina fulani, hupata jibu. Kuandika swali la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kutoboa alumini. Pia ni ujuzi utakaomfaa mwanafunzi katika zabuni, mikataba na leseni maisha yake yote, hata asipogusa tena kompresa.

Kazi hiyo apewe mwanafunzi mwenyewe. Katika timu nyingi, mtu mzima ndiye anayesoma kitabu na watoto ndio wanaouliza: mwalimu, hii inaruhusiwa? Mwalimu hujibu ndiyo au hapana, na kazi inaendelea. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, lakini mkubwa anayependa wanafunzi wake angewarudishia swali: imeandikwa wapi? Kila timu iwe na mwanafunzi mmoja au wawili ambao kazi yao ni sura ya hewa, waijue kuliko mlezi wao, na wao ndio wasimame mbele ya mkaguzi.

Jambo hili si la Houston tu. Familia za Waswahili zilizohamia Texas, Minnesota na Ohio zina watoto katika shule zenye timu hizi, na mzazi aliyewahi kushika pampu ya tairi ana mengi zaidi ya kuchangia kwenye karakana ya shule kuliko anavyodhani. Huku nyumbani, timu za Kenya na Tanzania zimefika katika FIRST Global Challenge, mashindano ya timu moja kwa kila nchi yaliyoanza Washington mwaka 2017 na kufika Dubai mwaka 2019. Walimu waliorudi kutoka huko wanaandaa mashindano ya shule, na ufundi wa hewa utaingia humo mapema kuliko watu wanavyofikiri. Kompresa zipo kila mtaa wenye fundi pancha. Silinda, vali na mirija ya viwandani inauzwa mijini. Kijana mwenye chupa ya soda, vali ya baiskeli na hamu ya kurusha mpira hasubiri ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo ombi hili linakwenda kwa waandaaji wa mashindano ya roboti Afrika Mashariki, kabla roboti ya kwanza ya hewa haijaletwa uwanjani. Andikeni mwisho wa presha kwa namba, katika psi na kilopaskali, upande wa akiba na upande wa kazi. Amueni kuhusu chupa za plastiki, na uamuzi uwe kwenye karatasi, usiwe kichwani mwa mkaguzi. Semeni ni kifaa gani kinaweza kukatwa na kipi hakiguswi, na mkiweza, elezeni sababu. Wekeni siku ya mwisho ya maswali, na kila jibu lipelekwe kwa shule zote kwa wakati mmoja, ya Masaki na ya Namanyere. Na siku ya mashindano, mkaguzi atakayeizuia roboti ya mtoto aandike namba ya kanuni kwenye fomu yake na kumwonyesha.

Kanuni za wenzetu zinapatikana bure na zinaweza kuwa mahali pa kuanzia. Kamati ya walimu watatu au wanne inaweza kumaliza rasimu ya kurasa mbili kabla ya muhula ujao.